Nilihukumiwa miaka 11 iliyopita: niandike nini kwenye fomu ya ajira?

Swali la msomaji: "Nikiwa na miaka 22 nilichukua fedha za mauzo katika duka nililokuwa nimeajiriwa. Nilikiri kosa mahakamani, nikapewa kifungo cha nje cha miezi sita na kuamriwa kurudisha fedha zote. Nilizirudisha. Sasa nina miaka 33 na sijaingia tena matatani. Nimefaulu usaili wa kazi ya kusimamia ghala, na nimepewa fomu inayouliza: 'Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai?' Chini yake natakiwa kutia sahihi kuwaruhusu wanichunguze. Je, jambo hili litaonekana? Ndugu zangu wanasema niandike 'Hapana' kwa kuwa ni la zamani. Na wadhamini niliowaandika, niwaeleze?"

Jibu:

Dada yangu, usiandike "Hapana" kabla hujafanya mambo mawili. Kwanza, pata nakala ya rekodi yako mwenyewe kutoka kwa polisi au mamlaka inayotunza kumbukumbu hizo. Pili, jua sheria ya nchi unakoomba kazi inasemaje juu ya hukumu ya siku nyingi. Kama fomu inatakiwa haraka, omba siku chache za kukusanya nyaraka. Ni ombi la kawaida na hakuna mwajiri makini atakayelishangaa.

Nimefanya kazi kwa muda mrefu upande wa waajiri, nikipokea taarifa za upekuzi na kushauri nani aajiriwe. Katika kazi hiyo, waombaji niliowaona wakipoteza nafasi kwa sababu ya kosa lenyewe ni wachache kuliko waliopoteza kwa sababu walichoandika hakikulingana na taarifa iliyorudi. Mwajiri akikuta hukumu ya miaka 11 iliyopita ambayo umeitaja mwenyewe, ana jambo la kupima. Akiikuta ilhali umeandika "Hapana", hukumu ile anaiweka kando na kushughulika na sahihi yako ya wiki iliyopita.

Sasa, litaonekana? Inategemea nani anatazama na anatazama wapi. Watu wengi hudhani kuna daftari moja kubwa ambalo kila mwajiri hulifungua. Kwa kweli kuna njia tatu, na mara nyingi hazioani. Kuna cheti cha polisi, ambacho kwa kawaida unakiomba wewe mwenyewe na katika nchi nyingi hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kuna kampuni za upekuzi zinazolipwa na mwajiri kupitia majalada ya mahakama, magazeti na hifadhidata nyingine. Na kuna simu kwa waajiri wako wa zamani pamoja na utafutaji wa jina lako kwenye intaneti. Mtu anaweza kuwa na cheti safi cha polisi, na bado kesi yake ikapatikana kwenye masjala ya mahakama, kwa sababu mashauri mengi husikilizwa hadharani na kumbukumbu zake ziko wazi.

Hata cheti chenyewe hutofautiana. Ufaransa ina matoleo matatu ya rekodi ya jinai. La kwanza, lenye kila kitu, ni la mahakama peke yake. La tatu, ambalo ndilo mwajiri wa kawaida huletewa, hutolewa kwa mhusika mwenyewe tu na huonyesha zaidi hukumu nzito, kama kifungo cha zaidi ya miaka miwili kisichoahirishwa. Ujerumani, hukumu ya kwanza isiyozidi miezi mitatu jela, au faini isiyozidi viwango 90 vya siku (kiwango kimoja hukadiriwa kwa kipato cha mtu cha siku moja), kwa kawaida haiandikwi kwenye cheti anachopewa mwajiri. England na Wales zina ngazi nne za uchunguzi, na ngazi ya chini huonyesha tu hukumu ambazo bado hazijapitwa na muda.

Hilo la kupitwa na muda ndilo kiini cha swali lako, na ndipo ushauri wa ndugu zako unapoweza kuwa sahihi kabisa katika nchi moja na kukuangamiza katika nchi nyingine. Uingereza ilipitisha mwaka 1974 sheria inayosema kwamba baada ya kipindi fulani bila kosa jingine, hukumu huhesabiwa kuwa imepitwa, na mhusika ana haki ya kujibu kana kwamba haikuwahi kutolewa. Vipindi hivyo vilifupishwa kwa England na Wales kuanzia Oktoba 2023. Kifungo kisichozidi mwaka mmoja sasa hupitwa mwaka mmoja baada ya adhabu kumalizika, na cha nje huhesabiwa kwa urefu uliotamkwa na hakimu. Kwa hesabu hiyo hukumu yako ingekuwa imepitwa zamani, na kwa kazi ya ghala ungeandika "Hapana" bila kumdanganya mtu yeyote. Lakini hukohuko, kazi za kuhudumia watoto au wagonjwa na nyingine zilizotajwa na sheria hazimo katika nafuu hiyo. Kwenye uchunguzi wa kina wa kazi hizo, hukumu ya kifungo huendelea kuonekana hata kama kilikuwa cha nje.

Marekani mambo ni kinyume. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia kampuni za upekuzi inazizuia, kwa kazi nyingi, kuripoti kukamatwa kusikoishia kwenye hatia baada ya miaka 7. Hukumu ya hatia haina kikomo. Inaweza kuripotiwa baada ya miaka 11 au 30, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo imeweka ukomo, kama California ambako ni miaka 7. Afrika Kusini nako hakuna kufutika kwenyewe kwa hukumu za kawaida za watu wazima. Baada ya miaka 10 mhusika anaweza kuomba baadhi ya hukumu zifutwe, na asipoomba zinabaki.

Hapa niongeze jambo linalowaponza wengi, nalo ni msamaha wa Rais. Mtu anaachiwa siku ya sikukuu ya taifa kwa msamaha, anatoka akiamini kwamba hana tena rekodi. Mara nyingi kilichosamehewa ni adhabu iliyobaki, yaani siku za gerezani. Hatia yenyewe inabaki kwenye kumbukumbu hadi kuwe na amri mahususi ya kuifuta. Vivyo hivyo kwako: kumaliza kifungo cha nje bila kuvunja masharti, na kurudisha fedha, kunamaliza adhabu. Hakumaanishi kwamba hukutiwa hatiani. Ndiyo maana nasisitiza uione rekodi kwa macho yako badala ya kuikisia.

Ukishajua hayo mawili, rudi kwenye fomu na usome swali neno kwa neno. "Umewahi kutiwa hatiani?" si sawa na "Umewahi kukamatwa?" wala "Je, una kesi inayoendelea?" Fomu nyingine husema "katika miaka mitano iliyopita", na kwa fomu ya namna hiyo ungejibu "Hapana" kwa haki kamili. Yako inasema "umewahi" na "lolote". Kama sheria ya mahali ulipo haijaifanya hukumu yako ihesabiwe kuwa imepitwa au kufutwa, jibu la swali hilo ni "Ndiyo". Jibu kinachoulizwa, kwa ukamilifu, na usiongeze kisichoulizwa. Nimewahi kusoma maelezo ya mwombaji aliyeandika hadi ugomvi wa jirani uliomfikisha kituoni akalala usiku mmoja na kuachiwa bila shtaka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo, na kamati iliacha kuzungumzia sifa zake ikaanza kuzungumzia ugomvi.

Kuhusu kudanganya, sitakuficha: wapo wanaoandika "Hapana" na hawakamatwi. Uchunguzi wa baadhi ya waajiri ni wa juujuu. Tatizo ni kwamba hujui utachunguzwa tena lini. Unapandishwa cheo, kampuni inauzwa kwa wamiliki wapya, au mteja mkubwa anadai kila anayeingia ghalani achunguzwe upya. Fomu za ajira karibu zote huwa na tamko kwamba taarifa za uongo zinaweza kusababisha kufukuzwa wakati wowote, na sahihi yako iko chini yake. Kosa lako la ujana linazidi kuwa la zamani kila mwaka unaopita, wakati uongo wa kwenye fomu utahesabiwa kuwa wa juzi siku utakapogunduliwa, hata kama umeshatumikia miaka tisa. Kwa ajira za serikali katika nchi nyingi, tamko la uongo ni kosa la jinai lenyewe.

Je, ukisema ukweli utaumia? Unaweza kuumia, na ningekukosea heshima nikisema vinginevyo. Mwanasosholojia Devah Pager alichapisha mwaka 2003 jaribio lililofanyika Milwaukee, Marekani, ambako vijana waliopangwa walikwenda kuomba kazi wakiwa na sifa zinazofanana, tofauti ikiwa rekodi ya jinai waliyoitaja. Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena asilimia 34, wenye rekodi asilimia 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa asilimia 14, wenye rekodi asilimia 5. Ukizitazama tarakimu hizo utaona kwamba Mweusi asiye na kosa aliitwa mara chache kuliko Mzungu mwenye kosa. Upendeleo huo ndio uliofanya watu wadai swali la hatia liondolewe kwenye fomu ya mwanzo na kuulizwa baadaye, mwombaji akishapimwa kwa sifa zake. Hawaii ilifanya hivyo kwa sheria mwaka 1998, na majimbo na miji mingi imefuata.

Wewe tayari umevuka hatua hiyo. Umefanyiwa usaili, wamekuona, wamekutaka. Hatua uliyopo ndiyo bora zaidi ya kueleza jambo kama hili, kwa sababu mtu anayepima sasa ana sura na sauti yako kichwani, na ameshajiridhisha kwamba kazi unaiweza.

Atapima vipi? Mwajiri makini huuliza maswali yaliyotokana na kesi ya Marekani ya miaka ya 1970. Kijana aitwaye Buck Green aliomba kazi ya ukarani kwenye kampuni ya reli ya Missouri Pacific mjini St. Louis. Alikuwa amewahi kufungwa kwa kukataa kujiunga na jeshi, na kampuni ilikuwa na kanuni ya kumkataa kila mwenye hukumu isiyo ya makosa madogo ya barabarani. Mahakama ya rufaa ilisema mwaka 1975 kwamba kufunga mlango namna hiyo kwa kila mtu, bila kutazama kosa lake, ni ubaguzi. Kutoka hapo yakazaliwa mambo matatu ya kupima: uzito na aina ya kosa, muda uliopita tangu kosa au adhabu, na aina ya kazi inayoombwa. Tume ya Marekani ya usawa katika ajira iliyaweka kwenye mwongozo wake wa mwaka 2012. Hata kama huko uliko hakuna sheria kama hiyo, ndiyo mizani ambayo waajiri waadilifu hutumia, na unaweza kuandaa maelezo yako yaifuate.

Kwa muda, uko vizuri. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimbo la New York mwaka 1980, wakauliza inachukua miaka mingapi bila kosa hadi uwezekano wa mtu huyo kukamatwa tena ulingane na wa watu wengine wa umri wake. Kwa waliokamatwa wakiwa na miaka 18 kwa uvunjaji na wizi, jibu lilikuwa takriban miaka 3.8; kwa unyang'anyi, miaka 7.7. Wewe una 11. Kosa lako halikuwa na nguvu wala silaha, ulikiri, na fedha zilirudi.

Kwa aina ya kazi, uko pagumu, na hapo ndipo nataka ujiandae. Uliiba kwa mwajiri, na sasa unaomba kulinda mali ya mwajiri. Kama ungekuwa unaomba kazi ya udereva au ufundishaji wa lugha, uhusiano ungekuwa mbali. Kwenye ghala uhusiano huo uko wazi, na yeyote atakayesoma taarifa ataufikiria. Usisubiri auseme yeye. Tafuta ushahidi wa miaka hii 11 unaogusa jambo lilelile: kazi ulizoshika fedha, funguo, stoo au daftari la bidhaa, na hesabu zikatoka sawa. Barua moja ya bosi wa zamani inayosema "alikuwa akipokea na kutoa mali kwa miaka minne, na ukaguzi haukuwahi kuonyesha upungufu" ina uzito kuliko vyeti vitano vya semina. Tafuta pia stakabadhi au uthibitisho wa mahakama kwamba ulirudisha fedha. Watu huzipoteza karatasi hizo, nami nasikitika kila nikiona, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba amri ya mahakama ilitekelezwa yote.

Kisha andika maelezo mafupi, nusu ukurasa. Yangeweza kusomeka hivi: "Nikiwa na miaka 22 nilitiwa hatiani kwa kumwibia mwajiri wangu fedha za mauzo. Nilikiri kosa. Nilipewa kifungo cha nje cha miezi sita, nikakimaliza bila kuvunja sharti lolote, na nilirudisha fedha zote kama nilivyoamriwa, uthibitisho umeambatishwa. Tangu wakati huo sijashtakiwa kwa kosa lolote. Katika ajira zangu mbili zilizofuata nilikabidhiwa mali na fedha, na waliokuwa wasimamizi wangu wako tayari kuthibitisha nilivyozitunza. Naelewa kwamba kazi hii inahusu ulinzi wa mali, na niko tayari kujibu maswali yote." Badilisha yalingane na ukweli wako. Usieleze dhiki uliyokuwa nayo kwa aya nzima, usimlaumu mwenye duka kwa mshahara mdogo, na usithubutu kusema ulisingiziwa ilhali ulikiri mahakamani. Maneno "nilikuwa mdogo, sikujua" yaache pia; miaka 22 ni utu uzima, na msomaji atakasirika.

Mpe nani? Afisa wa rasilimali watu anayeshughulikia ajira yako, kwa maandishi, kwenye bahasha iliyofungwa au barua pepe yake ya kazi, kabla taarifa ya upekuzi haijamfikia. Kwenye fomu weka "Ndiyo, tazama maelezo yaliyoambatishwa". Usiyaweke kwenye wasifu wako wa kazi, kwa sababu huo husambazwa, na meneja wa zamu au wenzako wa baadaye hawana haja ya kuyajua. Muulize afisa huyo nani mwingine atasoma na nakala itatunzwa wapi. Ni swali halali. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kupitia kanuni za ulinzi wa data zilizoanza kutumika Mei 2018, unaruhusu taarifa za hatia za jinai zishughulikiwe tu chini ya mamlaka ya umma au pale sheria inaporuhusu, kukiwa na kinga za kutosha kwa mhusika.

Nirudi kidogo kwenye nakala ya rekodi, maana kuna sababu nyingine ya kuitaka. Rekodi hukosewa. Kampuni zinazotafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, bila alama za vidole, huchanganya watu wenye majina yanayofanana. Makosa mengine ni madogo lakini yanauma: kifungo cha nje kuandikwa kana kwamba ulikwenda jela, au wizi wa kawaida kuandikwa kuwa wa kutumia nguvu. Kama kuna kosa, anza kulirekebisha sasa, na kwenye maelezo yako uambatishe nakala ya hukumu. Pia omba, kabla ya kutia sahihi ya ridhaa, upewe nakala ya taarifa itakayorudi. Marekani mwajiri anayetumia kampuni ya upekuzi analazimika kukupa nakala hiyo kabla ya kukukataa kwa sababu yake, na ukipinga kilichoandikwa, kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza upya. Pale ambapo hakuna sharti kama hilo, bado unaweza kuomba, na wengi hutoa.

Iwapo watakukataa, omba sababu kwa maandishi na bila hasira. Ukiambiwa ni kanuni ya kampuni kumkataa kila mwenye hukumu, mpelekee mwanasheria wa kazi au shirika la msaada wa kisheria barua hiyo. Ukiambiwa ni kwa sababu ya uhusiano wa kosa na ghala, uliza kama kuna nafasi nyingine kwao isiyoshika mali moja kwa moja. Nimeona waajiri wakikubali hilo, maana mtu waliyempenda kwenye usaili hawapendi kumpoteza.

Mwisho, wadhamini. Hulazimiki kuwaeleza wote. Aliyekufundisha chuoni atathibitisha masomo yako na hahitaji kujua zaidi. Lakini yule aliyekusimamia ukishika mali au fedha mweleze, baada ya kumweleza mwajiri na kabla hajapigiwa simu, kwa sababu huenda akaulizwa moja kwa moja kama anakuamini na vitu vya thamani. Usimwombe afiche chochote. Mpe nakala ya maelezo uliyoyapeleka, na umwombe aseme tu yale aliyoyaona mwenyewe: ulikabidhiwa nini, kwa muda gani, na ukaguzi ulitoka vipi.